Taa Mbili za Ukutani, Kila Moja na Swichi Yake

4 Februari

Mke wangu mdogo Kifungo,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Mimi mzima, ukiondoa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea. Cherehani nayo nzima. Kuku wamehama, wamenuna, na hawajataga hata yai moja tangu wahame. Wakiniona wanageukia upande wa pili. Mjomba wako alipita juzi, akala, akasinzia kwenye kiti, akaamka, akaaga. Anakusalimu sana.

Usishangae kuona barua. Mimi nikishika simu sauti inapanda yenyewe, na dirisha langu linatazama mtaani. Mara ya mwisho nilipokupigia kukueleza habari za tumbo, muuza magazeti wa pale pembeni alinipa pole kabla sijakata. Hili ni jambo la ndani. Nimeliandika, nimelipiga gundi, na nimelipeleka ofisi ya vifurushi kwa miguu yangu mwenyewe.

Jambo lenyewe ni taa. Nimehama chumba. Kile cha mbele, tulichokaa mimi na bibi yako, nimekifanya cha kushonea, kwa sababu wateja walikuwa wananikanyagia vitambaa pale mlangoni. Mimi nimejitengenezea chumba kipya huku nyuma, palipokuwa stoo. Ni kidogo lakini kina heshima yake. Kilichobaki ni taa tu. Fundi umeme alitaka kunitundikia tyubu katikati ya dari, nikamwambia ashuke kwenye ngazi.

Nataka taa mbili za ukutani, za shaba na kioo. Shaba ya kweli, si bati lililopakwa rangi. Shaba naijua. Nimeshona vifungo vya shaba kwenye sare za bendi miaka nenda rudi, na wewe mwenyewe ulimeza kimoja ukiwa hujatimiza miaka mitatu. Nyumba nzima tulikaa tukikisubiri, kikarudi kinang'aa kuliko kilivyokwenda. Bibi yako alikiosha, akanikataza nisije nikakishona kwenye sare ya mtu, na wewe ukabaki na jina.

Vipimo ni hivi: chumba upana futi tano, urefu futi kumi. Kitanda upana futi mbili na nusu, urefu futi sita. Nimepima mwenyewe kwa tepu yangu. Muuza taa ni wewe, kwa hiyo chagua. Maswali usiniulize.

Ni mimi mumeo na babu yako,
Fundi Cherehani


19 Februari

Shikamoo Babu,

Barua imefika, gundi yote, imenibidi niifungue kwa kisu cha mkate. Mimi sijambo ila shingo, kwa sababu ukiuza taa unatazama juu mchana kutwa. Bosi wangu hajambo. Nimegundua kwa nini alifungua duka la taa: anaogopa giza. Umeme ukikatika anakuja kusimama karibu yangu na kuniuliza habari za nyumbani. Mjomba akipita tena mwambie nimepokea salamu, ila safari nyingine azitume akiwa macho.

Umesema nisiulize maswali. Haya, nitauliza ya kikazi tu.

Babu, chumba cha futi tano ni korido. Na kitanda cha futi mbili na nusu, hicho unalala au unasawazisha? Ukigeuka ukiwa usingizini nani anakuokota? Sikucheki, nataka kujua, kwa sababu taa ya ukutani ina mkono, na mkono ukitoka sana kwenye chumba chembamba utakuwa unaugonga kwa paji la uso kila asubuhi. Wateja wa vyumba vidogo wote wanataka taa kubwa, kisha wanarudi na plasta.

Halafu kioo. Kikiwa angavu unaiona balbu yenyewe, inakuchoma macho. Kikiwa cha ukungu mwanga unatoka kwa adabu. Shaba nayo iko ya kupakwa vanishi, inang'aa bila kazi mpaka siku itakapokwaruzika, na iko isiyopakwa, ambayo itafifia lakini ukiisugua inarudi. Nakujua, wewe utataka ya kusugua.

Kingine ni kimo. Taa ya kusomea kitandani haiwekwi kwa kukisia. Unakaa kitandani, unaegemea ukuta, na mtu anakupima kutoka kwenye godoro mpaka juu ya sikio. Nitumie kimo cha kila taa. Kama zote mbili ni zako, leo unalala kichwa huku na kesho kule, basi kimo kitakuwa kimoja. Nasubiri kuona.

Chumba changu hakijambo?

Mjukuu wako,
Kifungo


8 Machi

Mke wangu Kifungo,

Salamu zimefika. Goti linasema mvua, nimeanika nguo za watu nje kwa kujiamini. Kuku watatu wamesamehe, jogoo bado. Mtaani hakuna jipya, isipokuwa yule mama aliyehamia nyumba ya mkabala, karani mstaafu wa mahakama, ameniletea tena sketi yake ya kijivu. Mara ya kwanza alitaka nipandishe pindo. Mara ya pili niteremshe. Safari hii anataka nipandishe nusu ya nilivyoteremsha. Ni mteja anayejua anachotaka. Alikaa akanywa chai wakati nikifumua, na tukazungumza mambo ya kawaida, kama vile taa. Anasema amefanya kazi chini ya tyubu maisha yake yote, na kwamba chini ya tyubu kila mtu anafanana na mshtakiwa, hata hakimu.

Sasa vimo. Cha kwanza, ambacho ni changu, ni inchi ishirini na sita kutoka kwenye godoro. Cha pili ni inchi ishirini na tatu. Hicho cha pili ni cha wageni.

Kila taa iwe na swichi yake. Hilo nalisisitiza, kwa sababu mtu mwingine anapenda kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, na mwingine anataka kulala. Nasema kwa ujumla, kuhusu wageni.

Shaba isiyopakwa, ya kusugua. Umenijua vizuri.

Mumeo,
Fundi Cherehani


27 Machi

Shikamoo Babu,

Sisi wazima. Bosi ameleta taa mpya ya dari yenye vioo mia vinavyoning'inia, na ameamua mimi ndiye wa kuvipangusa. Mfanyakazi mwenzangu wa stoo amepata mtoto wa kike. Anatembea akijigonga kwenye ngazi kwa furaha.

Nimechagua taa zako, na nimezichagua kwa jasho. Nilichukua chaki nikachora chumba chako chote kwenye sakafu ya stoo ya duka, futi tano kwa kumi, na kitanda ndani yake. Kisha nikalala kwenye kitanda cha chaki nijue mwanga utaangukia wapi. Mikono yote miwili ilikuwa nje ya kitanda. Nilikuwa nimefumba macho, nafikiria mwanga, Bosi alipoingia. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, niko kwa babu yangu. Amenipa siku ya mapumziko.

Basi nakutumia ndogo kuliko zote tulizo nazo. Shaba yake ni ya kweli, kioo ni cha ukungu, kina ukubwa wa yai la kuku aliyesamehe. Mkono wake ni mfupi, hutajigonga. Hazina swichi za ukutani, kila moja inawashwa kwa kuvuta kikamba chake, kwa hiyo mgeni wako atavuta cha kwake na wewe cha kwako. Kwenye chumba kama hicho chochote kikubwa zaidi kitakutoa nje.

Sasa nina neno, na hili si la kikazi. Mgeni mwenye kimo cha inchi ishirini na tatu ni mfupi kuliko wewe. Bibi, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akikuteremshia vitu juu ya kabati. Mjomba ni mrefu kama mlango. Mimi nimekupita tangu darasa la saba. Kwa hiyo ni mgeni gani huyo, na amekaa kitandani kwako lini mpaka ukapata kumpima sikio?

Halafu nilikuuliza habari za chumba changu. Hukujibu.

Kifungo


12 Aprili

Kwa Kifungo,

Sote wazima.

Taa zimefika. Nilifungua sanduku mbele ya watu, kwa sababu nilikuwa na fahari, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilitoa makaratasi, nikatoa makaratasi, nikatoa makaratasi, mwisho nikakuta vitu viwili kama hereni. Nikaviweka ukutani kila kimoja upande wake wa kitanda. Vilikuwa mbali mbali kama watu waliogombana. Karani, ambaye alikuwa amepita kuchukua sketi, aliuliza kama hizo ni kengele za mlango. Kisha akasema pole pole, kwa sauti ya mahakamani, kwamba yeye hajaona taa bado na hivyo hawezi kutoa uamuzi.

Kifungo, mimi nimekulea, nikakusomesha kwa sindano na uzi, na wewe ukaenda kuuza taa, na babu yako unamtumia hereni. Vipimo nilikupa. Nimevirudia jana na vimetoka vilevile. Mimi tangu nishike tepu sijawahi kukosea kipimo. Kama duka lenu haliwezi taa za chumba, sema.

Wageni ni wageni, hawana haja ya kutajwa mmoja mmoja. Nilimpima kwa macho.

Chumba chako kimefungwa kwa sasa. Kuna vitu ndani.

Fundi Cherehani


9 Juni

Babu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Ungeniuliza ningesema ni kazi, na kazi ilikuwepo, lakini si hiyo.

Niache nikueleze. Baada ya barua yako nilikasirika wiki kadhaa kwa sababu ya hereni. Halafu nikaenda kwa fundi wa huku kushonesha gauni. Akazungusha tepu kiunoni, akaandika namba. Nikachungulia. Nilifurahi sana kwa kitambo kidogo, nikamwuliza nimekonda lini. Akanitazama kama mtu wa kuhurumiwa. Akasema, dada, kitambaa ninakikunja mara mbili kabla ya kukata, kwa hiyo upana wowote ninauandika nusu. Urefu tu ndio siukunji.

Nimekulia chini ya meza yako ya kukatia, Babu, na nilikuwa nimesahau. Umekikunja chumba. Umekikunja na kitanda. Hukukosea kipimo kweli, umekata ukuta kama suruali.

Nikakikunjua. Kitanda ni futi tano. Mtu anayelala peke yake hanunui kitanda cha futi tano. Hilo nililipokea, nikacheka pale pale kwa fundi, nikasema haya, mume wangu ananiletea mke mwenza mwenye sketi ya kijivu, na wala hakuniambia. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia matusi mazuri.

Halafu nikakikunjua chumba. Futi kumi upana. Babu, stoo ile naijua. Nilikuwa nikijificha humo. Nikinyoosha mikono nilikuwa nashika kuta zote mbili. Nyuma ya nyumba hakuna namna ya kupata futi kumi ila kwa kubomoa ukuta kati ya stoo na chumba changu.

Sijakasirika. Nimekasirika. Kuoa oa, una haki yako, na yule mama kwa anavyosimulia mambo ya tyubu nimeanza kumpenda kabla sijamwona. Lakini nimekuuliza mara mbili habari za chumba changu, na mara ya kwanza umenyamaza, ya pili umeniambia kuna vitu ndani. Ile ndiyo sehemu pekee duniani yenye kitanda changu. Huku ninakaa kwenye chumba cha kupanga ambacho hata msumari siruhusiwi kupiga. Kama umekibomoa niambie nijue, nisije likizo na begi nikasimama uani.

Taa za chumba cha futi kumi nimezichagua. Ni nzuri mno. Ziko hapa kaunta, zimefungwa, zinakusubiri ujibu.

Kifungo


15 Juni

Kifungo mke wangu, mke wa ujana wangu wa pili,

Usilie. Najua umelia, unapolia unaandika sentensi fupi fupi tangu darasa la kwanza.

Ukuta wako umesimama. Sijaugusa hata kwa msumari. Hizo futi za ziada sikuzitoa kwako, nimezitoa upande wa pili, uani. Nimebomoa banda la kuku.

Sasa ndipo penye aibu. Banda lilipobomoka kuku walihitaji mahali pa kulala mpaka niwajengee banda jingine, na mimi nyumba yangu ina vyumba vingapi? Kuku wamekaa chumbani kwako tangu mwezi wa kwanza. Nilikuandikia kwenye barua ya kwanza kabisa kwamba wamehama, sikutaja tu walikohamia. Jogoo alichukua kitanda. Mmoja ametagia ndani ya begi lako la shule, na yai jingine nililikuta kwenye kiatu. Ungeniuliza mara kumi nisingejibu, ningekuambiaje? Lakini wametoka sasa, wana banda jipya, nimekisugua chumba mpaka magoti yote mawili yakawa yanatabiri. Karani alisugua na mimi. Yeye ndiye aliyesema, huyu mtoto akisikia usaliti huu atakufungulia mashtaka, na mimi nitakuwa shahidi wake.

Haya, nimemtaja. Nimtaje vizuri basi. Nataka kumuoa Karani. Bibi yako namkumbuka kila siku, na Karani analijua hilo, na hata yeye ana wake anayemkumbuka, tunawataja kwenye chai bila kuogopana. Lakini nimechoka kuongea na cherehani, Kifungo. Cherehani inakubali kila ninachosema. Mtu akiniambia nimekosea naona raha hadi masikio yanawaka.

Nilimwomba tangu alipoleta sketi mara ya pili. Akasema hawezi kukaa tena chini ya tyubu hata siku moja, anataka taa yake, upande wake, na swichi yake, na hapo tutazungumza. Ndiyo maana ya taa. Kimo cha sikio lake nilikipata akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kwa tepu, nikasingizia ni kipimo cha kola. Alikuwa amevaa sketi na blauzi isiyo na kola. Alininyooshea shingo tu, akatazama mbele.

Nilikuogopa wewe. Mjomba wako nilimwambia zamani, alipokuwa amesinzia kwenye kiti, kwa hiyo kwa upande wake taarifa imeshatolewa. Wewe sikuthubutu. Wewe na bibi yako mlikuwa kitu kimoja, na mimi ni yule mfupi aliyekuwa akiteremshiwa vitu. Nilidhani nikikuandikia nataka mke utaona ninamfuta.

Karani sasa ameweka sharti jingine. Anasema haingii kwenye nyumba ambayo mjukuu wake hajaridhia, na maneno ya mdomo hayatambui. Anataka ridhaa yako kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi. Bila karatasi hiyo hakuna harusi. Nimemwambia wewe ni mtoto mwepesi wa moyo. Akasema, wepesi wa moyo si ushahidi.

Basi niko mikononi mwako. Na kukunja, nakiri. Mkono umezoea.

Babu yako


1 Julai

KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA, HASA MWENYE SKETI YA KIJIVU

Mimi, Kifungo, mwenye akili timamu na shingo inayouma, mjukuu halali na mke wa kwanza wa Fundi Cherehani, naridhia kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu wala jogoo, kwamba Fundi amuoe Karani.

Naridhia kwa masharti haya. Kuku wasiingie tena chumbani kwangu kwa sababu yoyote. Fundi asipime tena kitu chochote kisichovaliwa bila mtu mwingine kuhakiki. Na Bibi aendelee kutajwa kwenye chai.

Sahihi yangu iko hapo chini. Bosi amesaini kama shahidi. Alisoma barua yako yote akichungulia begani kwangu na amelia mpaka kwenye vioo nilivyotoka kupangusa.

Sasa Babu, shikamoo tena, kwa kawaida.

Nilicheka kuku mpaka nikakaa chini. Halafu nikafurahi, na ile furaha ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Hukumfuta mtu. Bibi angekuwepo angekuteremshia huyo Karani kutoka juu ya kabati yeye mwenyewe, akuone umechangamka.

Taa zinakuja na basi la kesho. Hizi ni za chumba cha watu wawili. Bamba la nyuma ni la shaba, limebana ukutani, mkono umetoka kidogo kisha unapinda juu, na kioo ni cha ukungu, mviringo, kama bakuli lililoelekezwa darini. Mwanga ukipanda juu chumba kidogo kinajisahau, kinadhani kirefu. Mwanga mwingine unashuka mpaka kwenye gazeti na kuishia hapo hapo, hauvuki kwenda kumsumbua jirani. Zisugue kwa limau na chumvi, usitumie majivu, yanakwaruza. Swichi mbili ziko kwenye bahasha. Ya kila mtu iwe upande wake, mahali mkono unapofika bila kuinuka.

Na tafadhali, asizifunge yule fundi wa tyubu.

Kifungo


18 Agosti

Mke wangu mkubwa Kifungo,

Marahaba nyingi. Goti halisemi kitu siku hizi, nadhani limeridhika. Kuku wote wametaga, hata wale tuliowakatia tamaa. Mjomba wako alipita, nikamwambia akiwa macho safari hii. Akasema anajua, alisikia ile siku ya kwanza, alikuwa amefumba macho tu ili nisione haya.

Tumeoana. Ilikuwa ofisini, haraka haraka, Karani alisoma kila mstari wa kile cheti kabla ya kusaini na kumrekebishia msajili nukta mbili. Alikuwa amevaa sketi ya kijivu. Baada ya kupanda na kushuka kote, pindo limerudi pale pale nilipoliacha mara ya kwanza kabisa. Sherehe tumeiweka mpaka upate likizo, Karani hataki isikilizwe bila wewe kuwepo. Ile ridhaa yako ameifungia kwenye jalada. Kuhusu jogoo alicheka, akatafuta miwani, akasoma tena, akacheka tena.

Taa ni nzuri, Kifungo. Nimekaa ukingoni mwa kitanda nikaziangalia tu. Nimeshona maisha yangu yote kwa kuangalia kitu kimoja cheupe chini ya balbu, sikujua mwanga unaweza kukaa ukutani namna ile, umetulia. Karani aliingia, akasimama, akasema, sasa naona.

Alizifunga yule fundi wa tyubu. Nisamehe, ndiye pekee mwenye ngazi. Mtaani wanamwita Shoti na sasa nimejua sababu. Amezichanganya nyaya. Swichi yangu inazima taa ya Karani, na ya Karani inazima yangu. Siku ya kwanza nilijinyoosha nilale, nikabonyeza, na mtu akabaki gizani katikati ya matangazo ya vifo. Akabonyeza ya kwake kunilipiza, tukawa gizani wote wawili, hakuna anayejua aanzie wapi.

Shoti amekuja mara mbili kutaka kurekebisha. Tumemrudisha. Kwa sababu tazama, siwezi kulala bila kumwomba anizimie, na yeye hawezi kuwasha bila kuniomba. Kila siku lazima mmoja amuulize mwenzake, umemaliza? Na mwingine ajibu, bado kidogo, au, haya nizimie. Mimi nilikuwa na miaka sijaulizwa kama nimemaliza.

Sasa zile hereni. Sikuzitupa. Moja iko chumbani kwako, juu ya kitanda, na ya pili kando ya kioo cha kujitazamia. Chumba ni kidogo, zimekienea kama zilishonwa kwa ajili yake. Karani alitaka tukuandikie kwanza utume kimo cha sikio lako. Nikamwambia kipimo cha mjukuu wangu siombi kwa mtu. Nilikukatia sare tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, najua kila ulivyoongezeka. Nimeweka inchi ishirini na saba, na Karani amehakiki tepu, kwa mujibu wa sharti lako. Kwako sijakunja kitu.

Kitanda ni kilekile, godoro ni jipya. Misumari iko kwenye mkebe dirishani, piga popote utakapo.

Kile kikamba cha kuwashia taa ya kitandani kilikuwa kifupi na chepesi, kilikuwa kinakimbia mkono, kwa hiyo nimekifungia kitu kizito mwishoni ili ukipate gizani kwa kupapasa. Ni kile kifungo cha bendi. Bibi yako alikiweka kwenye kopo lake la sindano, na kimekaa humo miaka yote hii. Nimekisugua kwa limau na chumvi.

Usikimeze.

Babu yako